Mgongano, Msisimko na Pembe: Kueleza Kukutana kwa Ioni na Atomu kwa Kiswahili katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala hii inaeleza kwa Kiswahili kinachotokea ioni inapokutana na atomu: kwa nini baadhi ya atomu husisimuliwa na kutoa nuru au eksirei, na kwa nini ioni hukengeuka kwa pembe mbalimbali. Hoja kuu ni kwamba pembe na msisimko ni mashahidi wawili tofauti. Pembe hutueleza ioni ilipita karibu kiasi gani na kiini cha atomu. Msisimko hutueleza yaliyozipata elektroni. Maelezo yasiyowatenganisha mashahidi hawa humpotosha msomaji, na upotoshaji huo una gharama pale ambapo watu huishi kwa uchimbaji wa madini. Mifano imetolewa katika udongo wa vilima vya Sukulu wilayani Tororo na katika dhahabu na zebaki ya Busia. Makala inahitimisha kwa mapendekezo matano ya kiistilahi kwa waandishi wa vitabu na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Kaunti ndogo ya Petta imo wilayani Tororo, mashariki mwa Uganda, katika nchi ya Jopadhola. Mtoto wa hapo huanza maisha kwa Kidhopadhola, husikia Kiteso na Kisamia kwa majirani, husoma kwa Kiingereza, na akifika sokoni Busia au Malaba hukutana na Kiswahili. Mpaka unawagawa Wateso na Wasamia katika nchi mbili, lakini haukigawi Kiswahili wanachonunulia na kuuzia.

Kisera, lugha hii imepanda daraja. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikakifanya lugha ya taifa na lugha rasmi. Na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha utekelezaji wa hadhi hiyo, pamoja na ufundishaji wa lazima shuleni. Swali lililobaki ni la matumizi: je, mwalimu aliyeko Petta anaweza kueleza kwa Kiswahili jambo gumu la kisayansi bila kulipunguza?

Kuna vikwazo vidogo vinavyoonekana mara moja. Kile ambacho Tanzania hukiita nishati, Kenya hukiita kawi, na msomaji wa mpakani hukutana na maneno yote mawili. Kuna pia vikwazo visivyoonekana upesi. Neno mionzi hutumika kwa mwanga wa jua, kwa eksirei ya hospitali, na kwa kinachotoka katika madini nururifu. Mchimbaji wa dhahabu anapoambiwa kwamba dhahabu yake itapimwa kwa mionzi, ana haki ya kuuliza kama itarudi mikononi mwake ikiwa na madhara. Jibu sahihi lipo, nalo limo katika fizikia ya mgongano wa chembe na atomu.

Mwandishi ni mtafiti wa lugha, wala makala hii haidai kuongeza jambo jipya katika fizikia. Inadai kwamba fizikia hii ikielezwa kwa uangalifu huonyesha yenyewe ni istilahi zipi zinazofaa na zipi zinazotatiza.

2.0 Ioni na atomu zinapokutana

Atomu ina kiini kidogo sana chenye chaji chanya, na elektroni zenye chaji hasi zinazokizunguka kwa mbali. Karibu tungamo lote la atomu limo katika kiini. Ioni ni atomu iliyopoteza au kuongeza elektroni, na kwa sababu hiyo ina chaji. Chembe ya alfa ni ioni ya heliamu isiyo na elektroni hata moja.

Hatuhitaji kwenda mbali kuipata. Vilima vya Sukulu, karibu na mji wa Tororo, ni mabaki ya volkano ya kale ya aina ya kabonatiti. Udongo wake unajulikana kwa fosfeti, chuma na niobiamu, na madini ya niobiamu katika miamba ya aina hii huambatana na kiasi kidogo cha thoriamu na uraniamu. Atomu za elementi hizo huvunjika zenyewe na kurusha chembe za alfa. Kwa hiyo mgongano wa ioni na atomu hutokea kila sekunde ndani ya udongo, katika vilima vya Sukulu na kwa kiwango fulani katika ardhi yoyote.

Tuifuate chembe moja. Gesi ya radoni, inayotokana na uraniamu, hurusha alfa yenye nishati ya megaelektronivolti (MeV) 5.49, ikienda kwa kasi ya takriban kilomita 16,000 kwa sekunde. Hewani husafiri sentimita 4 hivi, kisha husimama. Katika safari hiyo fupi kila mgongano waweza kuwa na moja ya matokeo manne:

(a) Mgongano nyumbufu. Ioni hukengeuka na atomu husukumwa, lakini hali ya ndani ya atomu haibadiliki.
(b) Msisimko. Elektroni ya atomu hupandishwa ngazi ya juu ya nishati, kisha hurudi.
(c) Uionishaji. Elektroni hung'olewa kabisa katika atomu.
(d) Ukamataji wa elektroni. Ioni huinyang'anya atomu elektroni na kuondoka nayo.

Hewani, kila jozi moja ya ioni na elektroni iliyong'olewa huigharimu alfa wastani wa elektronivolti 35, ikijumlishwa pamoja na gharama ya misisimko inayotokea kando yake. Alfa ya radoni basi huacha nyuma yake zaidi ya jozi 150,000. Hata hivyo, njia yake ni karibu mstari ulionyooka. Hapa ndipo penye fumbo linalopaswa kuelezwa: inawezekanaje chembe igongane mara nyingi kiasi hicho na isikengeuke?

3.0 Ushahidi wa pembe

Alfa ni nzito kuliko elektroni kwa takriban mara 7,300. Kwa sababu ya tofauti hiyo, mgongano mmoja na elektroni hauwezi kuikengeusha alfa hata kwa sehemu moja ya mia ya digrii. Elektroni huipokonya alfa nishati yake kidogo kidogo, lakini haziwezi kuigeuza njia. Kinachoweza kuigeuza ni kiini peke yake, na kiini ni kidogo mno kiasi kwamba ni nadra kukikaribia.

Mwaka 1909, katika chuo kikuu cha Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden waliona kwamba alfa chache sana, takriban 1 kati ya 8,000, zilirudishwa nyuma na bamba la platinamu. Mwaka 1911 Ernest Rutherford alieleza sababu: chaji chanya yote ya atomu imekusanyika mahali padogo katikati. Mwaka 1913 Geiger na Marsden walipima idadi ya alfa katika pembe kuanzia digrii 5 hadi 150, na hesabu ya Rutherford ikathibitika.

Mfano wa gololi mbili zinazogongana, ambao walimu wengi hupenda kuutumia, haufai hapa, kwa kuwa gololi hugusana. Mfano ulio bora ni kichuguu, kama vile vinavyoonekana mashambani mwa eneo hili. Mtoto akivingirisha mpira wa matambara ukielekea kileleni hasa, mpira hupanda, hupungua kasi, husimama, kisha hurudi ulikotoka. Akiuelekeza kando kidogo ya kilele, hupanda ubavuni na kugeuzwa upande. Akiuelekeza mbali na kilele, hupita chini ya mteremko na njia yake hubadilika kidogo tu. Hakuna mahali ambapo mpira umegonga kitu. Mteremko ndio uliousukuma. Msukumano wa chaji mbili chanya hufanya kazi kama mteremko huo.

Takwimu huonyesha jambo hilo vizuri. Tuchukue alfa ya MeV 5.5 na kiini cha dhahabu. Ikielekezwa moja kwa moja, alfa husimama na kugeuka ikiwa umbali wa takriban femtomita 41 kutoka katikati ya kiini, ilhali nusu kipenyo cha kiini hicho ni femtomita 7 hivi. (Femtomita ni mita moja iliyogawanywa mara trilioni elfu moja.) Hata katika mgongano mkali kuliko yote, basi, hawakugusana.

Isipoelekezwa moja kwa moja, kilicho muhimu ni umbali wa kukosa shabaha, yaani kiasi ambacho alfa ingepita kando ya kiini kama isingesukumwa. Ili ikengeuke kwa digrii 90 au zaidi, umbali huo usizidi femtomita 21. Kwa digrii 10 au zaidi, usizidi femtomita 236. Kwa digrii 1 au zaidi, usizidi femtomita 2,370. Shabaha ya digrii 1 ina eneo kubwa kuliko ile ya digrii 90 kwa zaidi ya mara 13,000. Ndiyo sababu pembe ndogo ni nyingi na pembe kubwa ni adimu. Kwa lugha ya hesabu, idadi ya chembe zinazofika katika pembe fulani hupungua kwa kinyume cha kipeo cha nne cha sini ya nusu ya pembe hiyo. Kitambuzi kilichowekwa kwenye digrii 60 hupokea alfa mara 9 ya kile kilichowekwa kwenye digrii 120.

Tunaweza sasa kusema pembe ni shahidi wa nini. Ni shahidi wa ukaribu, na kwa chembe iliyorudi nyuma, nishati iliyosalia ni shahidi wa uzito wa kiini ilichokutana nacho.

4.0 Ushahidi wa msisimko

Elektroni za atomu hukaa katika ngazi maalumu za nishati. Hakuna kukaa katikati ya ngazi mbili. Ioni inapopita karibu, mvuto wake huitikisa elektroni na yaweza kuipandisha ngazi. Inaporudi, elektroni hutoa nishati ile ile ya tofauti ya ngazi. Ikiwa ni elektroni ya nje, aghalabu hutoa nuru inayoonekana au ya urujuanimno. Ikiwa pengo limeachwa katika ngazi za ndani, elektroni ya ngazi ya juu hulijaza na huweza kutoa eksirei.

Nishati ya eksirei hiyo hutegemea idadi ya protoni katika kiini, na kwa hiyo kila elementi ina alama yake. Mwaka 1970, huko Lund nchini Sweden, Sven Johansson na wenzake walionyesha kwamba mkondo wa protoni huweza kutumika kuamsha alama hizo na kutambua kiasi kidogo mno cha elementi katika sampuli. Mbinu hiyo imekuwa ikitumiwa katika maabara nyingi duniani, ikiwemo iThemba LABS nchini Afrika Kusini.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu hapaswi kuliruka. Msisimko ni hali ya mpito. Pengo la ndani hujazwa kabla ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde kupita, na atomu iliyopoteza elektroni huipata nyingine katika mazingira yake. Kiini hakikuguswa. Atomu iliyosisimuliwa haikugeuka kuwa nururifu, kwa sababu unururifu ni tabia ya kiini, na msisimko tunaouzungumzia ni wa elektroni.

5.0 Pembe na msisimko vinapofungamana

Kwa ioni zenye kasi kubwa, mashahidi hawa wawili huzungumza kila mmoja kwa lake: elektroni huchukua nishati, kiini hutoa pembe. Kwa ioni za polepole hali ni nyingine. Ioni ya agoni yenye nishati ya kiloelektronivolti (keV) 50 huenda taratibu kuliko elektroni za nje za atomu inayokutana nayo. Elektroni hupata wasaa wa kujipanga upya, na kwa kitambo kidogo ioni na atomu huwa kama molekuli moja yenye viini viwili. Viini vikisogeleana, ngazi za elektroni huhama. Baadhi hupanda na kukutana na nyingine, na elektroni iliyokuwa ndani hujikuta nje wakati viini vinapoachana.

Katika majaribio ya miaka ya 1960 ya ioni za agoni dhidi ya atomu za agoni, watafiti wa Marekani na wa Muungano wa Kisovieti waliona kwamba nishati inayopotea ndani ya atomu haiongezeki kwa ulaini pembe inavyokua. Viini vilipokaribiana hadi takriban robo ya angstromu, nishati iliyopotea iliruka ghafula. Mwaka 1965 Ugo Fano na William Lichten walieleza mruko huo kwa nadharia ya kupandishwa kwa elektroni iliyodokezwa hapo juu.

Hapa pembe inakuwa kipimo cha kuchungulia ndani. Kwa pembe ndogo, nishati ya ioni ikizidishwa kwa pembe ya mkengeuko huonyesha kwa makadirio viini vilikaribiana kiasi gani. Mtafiti akichagua pembe, amechagua ukaribu; akipima nishati iliyopotea au nuru iliyotoka katika pembe hiyo hiyo, anajua atomu hufanywa nini katika ukaribu huo. Pembe peke yake isingemwambia, wala nuru peke yake isingemwambia.

6.0 Dhahabu na zebaki ya Busia

Tofauti ya mashahidi hawa si ya vitabuni tu. Katika machimbo madogo ya Busia upande wa Uganda, kama vile Tiira, wachimbaji wamekuwa wakichanganya mchanga uliosagwa na zebaki ili dhahabu ishikamane nayo, kisha huchoma mchanganyiko huo ili zebaki itoke kama mvuke. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi wanachama kupunguza matumizi hayo na, inapowezekana, kuyakomesha. Utekelezaji wake unahitaji kupima, na kupima kunahitaji kujua ni shahidi yupi wa kumwita.

Tuseme tuna kipande cha dhahabu chenye mabaki ya zebaki juu yake. Tukikirushia ioni za heliamu zenye MeV 2 na kupima zile zinazorudi moja kwa moja nyuma, zilizorushwa na dhahabu hurudi na takriban MeV 1.844, na zilizorushwa na zebaki hurudi na takriban MeV 1.847. Tofauti ni keV 3 hivi, ilhali vitambuzi vya kawaida vya kazi hii hutenganisha tofauti ya keV 15 hivi. Dhahabu na zebaki zimekaribiana mno kwa uzito, na shahidi wa pembe hawezi kuzitofautisha. Angeulizwa kuhusu chuma na oksijeni angejibu bila taabu, kwa kuwa ioni zilizorudi kutoka kwa chuma zingekuwa na MeV 1.50 na kutoka kwa oksijeni MeV 0.72.

Tumwite basi shahidi wa msisimko. Moja ya alama kuu za eksirei za dhahabu ina keV 9.71, na ile inayolingana nayo ya zebaki ina keV 9.99. Tofauti ni keV 0.28, lakini vitambuzi vizuri vya eksirei hutenganisha hata nusu ya hiyo. Tofauti ya protoni moja, 79 dhidi ya 80, ambayo haikuonekana katika uzito, imeonekana katika elektroni.

Ni kweli kwamba Busia hakuhitajiki mtambo wa kuongezea ioni kasi. Vifaa vya mkononi vya kupimia madini, na vile vya maabara kama za Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, huweza kuing'oa elektroni ya ndani kwa eksirei badala ya ioni. Kinachofuata ni kile kile: pengo hujazwa na alama ya elementi hutoka. Na hapa ndipo jibu la mchimbaji lilipo. Dhahabu yake ikipimwa hivyo hairudi ikiwa nururifu. Hatari anayopaswa kuiogopa ni mvuke wa zebaki anaouvuta anapochoma, ambao ni sumu ya kikemia na hauna uhusiano na mionzi. Radoni nayo ni hatari ya namna ya tatu: alfa zake haziwezi kupenya ngozi, lakini hudhuru zikitokea ndani ya mapafu, na kinga yake ni kupitisha hewa katika nyumba na mashimo. Mambo matatu, kinga tatu. Neno moja la jumla huzichanganya zote.

7.0 Mapendekezo ya kiistilahi

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilionyesha kwamba kazi hii inawezekana. Kwa uwanja huu mahususi tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, neno mgongano libaki, lakini lifafanuliwe mapema. Kiambishi -an- cha kutendana kinafaa, kwa sababu kila upande huathiri mwenzake. Kisichofaa ni kumwachia mwanafunzi adhani kwamba ni lazima vitu vigusane.

Pili, mkengeuko utumike kwa chembe moja na mtawanyiko kwa nyingi. Kwa kawaida ya Kiswahili, mtama hutawanyika na watu hutawanyika, lakini mtu mmoja hawezi kutawanyika. Ioni moja hukengeuka kwa pembe fulani. Mkondo wa ioni hutawanyika katika pembe mbalimbali. Sarufi yetu imekwisha kuweka tofauti ambayo fizikia inaihitaji.

Tatu, kusisimua, kuionisha na unururifu yasibadilishane nafasi. Kusisimua kumekaa vyema: mwili ukisisimka, vinyweleo husimama kwa muda kisha hulala. Maana ya kila siku tayari inabeba wazo la hali ipitayo. Unururifu uhifadhiwe kwa kiini pekee.

Nne, neno mionzi lisisimame peke yake katika maandishi ya umma. Isemwe mionzi ya alfa, au eksirei, au nuru.

Tano, vitabu vinavyokusudiwa kuvuka mpaka vitaje nishati na kawi kwa pamoja mwanzoni, kisha vishike moja hadi mwisho. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi nzuri ya kuratibu orodha ya jozi za namna hii.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba ioni inapokutana na atomu, kiini huamua pembe na elektroni huamua msisimko; kwamba kwa ioni za polepole mambo haya hufungamana, na mtafiti huyasoma kwa pamoja; na kwamba dhahabu na zebaki haziwezi kutenganishwa na shahidi mmoja bali na mwingine. Maelezo haya yote yamewezekana kwa Kiswahili, na katika sehemu mbili, mkengeuko dhidi ya mtawanyiko na msisimko kama hali ya mpito, maana za kawaida za maneno zimesaidia kufafanua fizikia yenyewe.

Kwa washauri wa sera, ombi ni hili: utekelezaji wa Kiswahili rasmi nchini Uganda na Kenya upimwe pia kwa vitabu vya fizikia na kwa matangazo ya afya na usalama machimboni. Siku mwalimu wa Petta atakapoweza kumweleza mzazi mchimbaji, kwa lugha ya sokoni, tofauti ya eksirei, zebaki na radoni, hadhi iliyoandikwa katika Katiba itakuwa imemfikia mwananchi iliyeandikwa kwa ajili yake.